Acha Mpira Ufike: Mwongozo wa Kriketi ya Skrini kwa Vidole vya Kolwezi

Mwongozo huu ni wako wewe unayecheza kriketi ya simu kwa kidole kilichozoea kupiga mashuti. Najua ulikotoka. Kolwezi ni mji wa mpira wa miguu. Mtoto wa Manika anakusimulia TP Mazembe ilivyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010 hata kama mwaka huo alikuwa hajazaliwa, na kwenye kumbi za michezo ya video maneti huchubuka upande mmoja tu, upande wa kitufe cha kupigia goli. Halafu mwenzako wa kazini, fundi aliyetoka Gujarat au dereva wa lori aliyetoka Afrika Kusini, akakuwekea kriketi kwenye simu. Ukaifungua. Mrushaji akaja mbio, mpira ukamtoka mkononi, ukabonyeza kwa nguvu zako zote, na vile vijiti vitatu vya nyuma yako vikaruka. Ukaanza upya, vikaruka tena. Ukasema mchezo mbovu.

Mchezo ni mzima, ndugu yangu. Wewe ndiye unayeupiga mpira kabla haujafika.

Tuelewane kwanza juu ya kinachokupata. Kwenye mpira wa miguu ukikosa goli, mpira unarudi kati na dakika tano baadaye unapiga tena, hakuna anayekumbuka. Kwenye kriketi kosa moja linakutoa. Mrushaji anakutupia mpira kutoka upande wa pili wa pichi, ile njia ngumu ya katikati yenye urefu wa mita 20.12 kutoka vijiti hadi vijiti, na kwa kawaida mpira unadunda mara moja kabla ya kukufikia. Ukiugusa vibaya ukadakwa hewani, umekwisha. Ukiukosa, nao ukapiga vijiti, umekwisha. Ukiuzuia kwa mguu mbele ya vijiti, nako umekwisha. Usipotolewa, una nafasi ya kukusanya mikimbio, ndiyo pointi za kriketi, hadi ova, yaani mafungu ya mipira sita sita, ziishe, na katika mchezo wa ova ishirini timu nzima inapewa mipira 120. Mipira mia na ishirini ni mingi! Wewe unaitumia mitatu, kisha unamlaumu aliyekutengenezea simu.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni hili, na nakuomba usiliruke: fungua sehemu ya mazoezi, ile inayoitwa neti, uiache ova nzima ipite bila kubonyeza chochote. Mipira sita. Weka kidole gumba hewani, usikiguse kioo. Utatolewa pengine mara mbili au tatu. Haidhuru, ni mazoezi. Tazama tu. Utaona jambo ambalo hujawahi kuliona kwa sababu siku zote kidole chako kilitangulia macho yako: mipira mingi haikuwa inaelekea kwenye vijiti hata kidogo. Ilikuwa inapita kando, na wewe ndiye uliyekuwa ukiifuata na kujitoa mwenyewe. Katika kriketi kuuacha mpira upite ni ufundi wenye heshima yake, na katika mechi za siku tano watu huushangilia.

Zoezi la pili ni kuzuia. Ova nyingine, kila mpira unaokuja kwenye vijiti uzuie tu, uangukie miguuni pako. Hakuna mikimbio, hakuna makofi. Najua mtu wa Kolwezi hapendi kufanya kazi ambayo mwisho wa siku haipimwi kwenye mizani. Lakini hapa ndipo kidole kinapojifunza saa. Ukiweza kuzuia mipira kumi na miwili mfululizo, tayari unajua mpira unafika lini, na kupiga kwa nguvu ni kuzuia kulikoongezewa bega.

Sasa macho, na hapa tukae kidogo, maana ndipo penye siri yote.

Mpira wa mrushaji wa kasi, ule wa kilomita 140 kwa saa, unachukua takriban nusu sekunde kutoka mkononi mwake hadi kwenye gongo la mpigaji. Mwanadamu akiona kitu kimebadilika anahitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kabla mkono haujaitikia. Toa hizo, ubakiwe na sehemu tatu za kumi za kuona, kuamua na kupiga. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uingereza, Michael Land na Peter McLeod, waliwavisha wapigaji kamera ndogo kichwani ili wajue macho yao yanakwenda wapi. Walichokiona ni kwamba mpigaji mzuri haufuati mpira njia nzima. Anautazama unapotoka mkononi, kisha macho yake yanaruka mbele na kuusubiri pale utakapodunda. Mpira unayakuta macho yake yapo tayari. Ukishadunda, anaufuata tena kidogo, na kwa kile alichokiona pale chini anajua utafika lini na kwa urefu gani. Mpigaji dhaifu naye macho yake huruka, lakini yanachelewa kuruka.

Fanya hivyo hivyo kwenye skrini. Acha kumtazama mchezaji wako mwenyewe. Najua umemvalisha jezi nzuri, lakini yeye hana habari yoyote ya kukupa. Tazama mkono wa mrushaji. Mpira ukitoka tu, peleka macho chini kwenye pichi. Michezo mingi, ukiwa katika ngazi rahisi, inakuwekea alama mahali mpira utakapodunda. Alama ikiwa karibu na miguu yako, mpira ni mrefu: songa mbele na uupige ukiwa bado uko chini. Alama ikiwa mbali, karibu na nusu ya pichi, mpira ni mfupi, utapanda hadi kifuani: rudi nyuma, usubiri, uupige kwa pembeni. Makosa makubwa ya miguu ni mawili tu, kusonga mbele kwa mpira mfupi na kurudi nyuma kwa mpira mrefu, na wewe unayafanya yote mawili kwa sababu unachagua mguu kabla mrushaji hajaamua atupe nini.

Nimewahi kumkalia karibu kijana mmoja akicheza, nikamtazama kidole badala ya skrini. Mrushaji alipoanza tu mbio zake za kuja, kidole gumba cha kijana kilishuka kwenye kioo kikabana, kikabana hasa, mpaka ukucha ukawa mweupe. Mpira ulikuwa bado mkononi mwa mrushaji. Ulipotoka, kile kidole hakikuwa na mahali pa kwenda, kilikuwa kimekwisha fanya kazi yake yote. Kikateleza kwenye vumbi jekundu lililokuwa juu ya kioo, gongo likapita hewani, vijiti vikalala.

“Yaya, nimechelewa?” akaniuliza.

“Umewahi, mdogo wangu. Umewahi sana.”

Hakuniamini. Karibu kila anayeanza hudhani anachelewa, kwa hiyo kila akitolewa anabonyeza mapema zaidi, na shimo linazidi kwenda chini. Dawa yake imeandikwa hapo hapo kwenye skrini: baada ya kila pigo mchezo unakuandikia kama umepiga mapema, sawasawa au umechelewa. Soma. Wewe unayafuta maandishi hayo kwa haraka ili mpira mwingine uje, na hilo ndilo darasa pekee la bure unalopewa. Chukua karatasi, hata pakiti ya sigara iliyopasuliwa, chora mistari mitatu, na kwa ova mbili andika kila pigo liliangukia wapi. Ukikuta mstari wa “mapema” umejaa, usibadilishe miguu, usibadilishe upande wa kupiga, usibadilishe mchezaji. Badilisha kitu kimoja: ngoja mpira udunde ndipo kidole kishuke. Mtu aliyekulia kwenye rumba anaijua hali hii mwilini mwake. Wimbo unaimbwa polepole, gitaa linaanza kubembeleza, na anayejua kucheza hakurupuki. Anaisubiri sebene ifunguke ndipo aachie kiuno. Pigo la kriketi linaachiwa hivyo.

Na kama kioo chako kina vumbi, kifute. Kuanzia Mei hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika na malori yakipita usiku na mchana, vumbi la Kolwezi linaingia mpaka kwenye sahani ya bukari, sembuse kwenye simu. Kidole kinachoteleza kwenye vumbi kinasajiliwa kimechelewa au hakisajiliwi kabisa. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha. Weka kimoja mfukoni.

Nimekwisha taja simu, basi niseme yote. Simu yenyewe inaweza kukuibia wakati, na mtu wa Lualaba hana budi kuijua simu yake kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Betri za simu nyingi zimetumia oksidi ya lithiamu na kobalti, aina ambayo Sony iliipeleka sokoni mwaka 1991. Kiasi cha asilimia 60 ya uzito wa kiungo hicho ni kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, kwa sehemu kubwa hapa kwetu. Kilichotoka chini ya ardhi ya Kamoto, Mutanda, Tenke au Kasulo kimekwenda kusafishwa Uchina, na inawezekana kabisa kwamba kimerudi kikiwa ndani ya mkono wako. Vijana wa mitaa yetu wamekichimba kwa mikono. Nasema wazi kwamba tuna haki ya kukifurahia, na kukifurahia vizuri, si kutolewa kwa mpira wa kwanza.

Betri hiyo haipendi joto. Ukicheza huku simu imechomekwa kwenye chaji, inapata moto. Ikipata moto, simu inajipunguzia kasi ili isijidhuru. Ikipunguza kasi, picha zinaanza kukwamakwama. Mchezo unaokwenda vizuri unakuonyesha picha 60 kwa sekunde. Zikishuka hadi 30, au zikawa zinarukaruka, ule mpira wa nusu sekunde unauona vipande vipande na saa ya kidole inavurugika. Kwa hiyo chaji kwanza, chomoa, uache ipoe, ndipo ucheze. Najua umeme wa mtaani una tabia zake. Kolwezi ndiko unakofikia ule waya mkubwa wa Inga, wa kilomita 1,700 hivi, uliokamilika mwaka 1982 kwa ajili ya migodi, na bado mtu anaweza kukaa chini ya nguzo akicheza kwa asilimia tano ya betri. Ukiwaka, chaji yote. Zima ule mpango wa kubana matumizi ya betri unapocheza, maana nao hupunguza kasi ya picha. Punguza urembo: kivuli cha watazamaji, nyasi zinazopepea, bendera, vyote hivyo zima. Hakuna aliyewahi kupata mikimbio kwa msaada wa nyasi.

Sauti usizime. Mpira ukidunda unalia, na sikio linaijua saa vizuri sana, kwa hiyo mdundo huo ukuongoze. Lakini tumia visikilizio vya waya. Vile visivyo na waya mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na mdundo utakaousikia utakuwa ni wa mpira uliokwisha kupita.

Wanaocheza kwenye televisheni wana ugonjwa wao. Televisheni bapa hupenda kuipamba picha kabla ya kukuonyesha, na kuipamba kunachukua muda. Ikichelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu, imekula sehemu ya tano ya safari nzima ya mpira wa kasi. Ingia kwenye mipangilio, utafute modi ya michezo, uiwashe. Inaacha mapambo na kuleta picha moja kwa moja. Kama unacheza kwenye ukumbi wa watu, mwombe mwenye ukumbi kwa heshima, usichukue rimoti ya mama wa watu na kuanza kufungua fungua. Na chagua kifaa kimoja ukae nacho. Anayecheza leo kwenye simu, kesho kwenye televisheni ya jirani, keshokutwa kwenye kompyuta ya kaka, anajifunza saa tatu tofauti na hajui hata moja.

Tukirudi uwanjani, baada ya mrushaji wa kasi anakuja mtu mmoja mpole. Hana mbio ndefu. Anatembea hatua chache, anazungusha kiganja, mpira unaelea. Kilomita themanini kwa saa, labda tisini. Unamwona, unacheka, unasema huyu namtupa nje ya uwanja. Huyo ndiye atakayekutoa.

Uliza Sri Lanka. Tarehe 24 Februari 2003, kwenye uwanja wa Gymkhana mjini Nairobi, Kenya ilipata mikimbio 210 katika Kombe la Dunia, idadi ambayo timu kubwa kama Sri Lanka ilipaswa kuifikia. Akaingia kijana Collins Obuya na mpira wake wa kuzungusha kwa kiganja. Akawatoa wapigaji watano kwa mikimbio 24 tu. Sri Lanka yote ikaishia 157, na Kenya ikaendelea mpaka nusu fainali. Hata Don Bradman wa Australia, ambaye wastani wake wa 99.94 haujawahi kukaribiwa, aliingia uwanjani London mwaka 1948 akihitaji mikimbio minne tu ili amalize maisha yake ya mechi kubwa kwa wastani wa mia kamili. Eric Hollies, mrushaji wa kuzungusha, akamtoa kwa mpira wa pili, sifuri. Kama Bradman alitolewa na mpira wa polepole, wewe na simu yako ni nani usiheshimu?

Mpira wa mzungushaji unatumia karibu sehemu nane za kumi za sekunde kufika. Mkono wako, uliokwisha zoea nusu sekunde, unapiga ukiwa umebaki na safari. Fanya hivi: mzungushaji akiingia, rudia zoezi la kuzuia kwa ova yake ya kwanza yote, hata kama unadaiwa mikimbio mingi. Tazama kiganja chake kinavyogeuka, kisha tazama mpira unapodunda unakwenda upande gani. Ukishajua, una njia mbili. Songa mbele kabisa uukute mpira pale pale unapodunda kabla haujageuka, au rudi nyuma kabisa ugeuke mbele ya macho yako ndipo uupige. Katikati, nusu mbele nusu nyuma, hakuna maisha.

Nguvu sasa, maana najua ndiyo uliyokuja kuitafuta. Unataka sita, mpira uvuke mpaka bila kudunda. Umeona picha za Shahid Afridi wa Pakistan, na Afridi ana deni na ukanda wetu, kwa sababu tarehe 4 Oktoba 1996, hapo hapo Gymkhana ya Nairobi, akiwa kijana wa miaka kumi na sita kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi, alipata mikimbio mia kwa mipira 37, rekodi ya mechi za kimataifa za siku moja iliyodumu hadi Januari 2014. Kumi na moja kati ya hiyo mipira aliitupa nje ya uwanja. Ni kweli yote. Lakini hukuonyeshwa mamia ya siku ambazo Afridi yule yule alitoka mapema kwa pigo lile lile.

Kwa hiyo kabla ya kuinua mpira, simamisha mchezo, uangalie walipo wadakaji. Watu hawafanyi hivyo! Wanapiga kwa nguvu kuelekea mahali penye watu watatu, kisha wanashangaa kudakwa. Upande wa pili kuna watu tisa wa kutawanywa, ukiacha mrushaji na mdakaji wa nyuma ya vijiti, na uwanja ni mkubwa, hawawezi kuujaza. Tena kwenye ova sita za kwanza za mchezo wa ishirini, sheria inaruhusu wawili tu wakae nje ya duara lililochorwa uwanjani. Hapo ndipo pa kuinua mpira, juu ya vichwa vya walio ndani, na huhitaji hata nguvu zote. Mpira ukidunda nyuma yao unakwenda wenyewe mpakani, una nne yako. Baada ya ova ya sita watano wanaweza kurudi nje, basi rudi chini, piga mipira ya ardhini kwenye mianya, kimbia moja moja, mbili mbili. Na ukipata nne usianze kuruka kwa makalio kama kipa Kidiaba. Muteba Kidiaba aliruka hivyo Abu Dhabi baada ya Mazembe kuitoa Internacional ya Brazili, mbili bila. Wewe una mikimbio minne.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa jirani zetu Waganda. Juni 2024, Guyana, Uganda ikiwa kwa mara ya kwanza kwenye Kombe la Dunia la ova ishirini, ilicheza na Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mtu wa miaka 43, alirusha ova zake nne akatoa mikimbio minne tu. Papua New Guinea wakaishia 77. Idadi ndogo, utasema, itafikiwa kwa ova kumi. Uganda ikapoteza wapigaji watano ikiwa na mikimbio 26. Hapo kila kidole cha Kolwezi kingebonyeza sita ili kumaliza aibu haraka. Riazat Ali Shah akakaa. Mipira 56, mikimbio 33. Aliacha, alizuia, alikimbia moja moja, na alipotolewa kazi ilikuwa imebaki kidogo. Uganda ikafika 78 ikiwa imebakiza wapigaji watatu. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza kwenye kombe hilo. Ukiupata huo mchezo kwenye video, utazame mara mbili kabla ya kutazama sita za mtu yeyote.

Kuhusu mazoezi sitakudanganya, yanachosha. Hapa Kongo kriketi haina mizizi, hatukutawaliwa na Mwingereza, na hakuna babu wa mtaani atakayekusimulia. Lakini Rwanda nayo ilitawaliwa na Mbelgiji kama sisi. Mchezo uliingia huko kwa nguvu baada ya 1994, ukiletwa na waliorudi kutoka uhamishoni Uganda, Kenya na kwingineko. Mei 2016 nahodha wao Eric Dusingizimana alisimama kwenye neti mjini Kigali akapiga mipira kwa saa 51, rekodi ya dunia wakati huo, ili kuchangisha fedha za uwanja. Uwanja wa Gahanga ukafunguliwa mwaka 2017. Naye Bradman alipokuwa mtoto huko Bowral alikuwa akichukua kijiti chembamba cha wiketi na mpira wa gofu, anautupa kwenye tangi la maji la nyumbani, unarudi kombo, anaupiga. Hakuwa na neti wala mwalimu. Wewe una neti mfukoni, yenye mrushaji asiyechoka wala kudai posho. Robo saa kila siku inafaa kuliko Jumapili nzima ya hasira.

Ukianza kucheza na watu kwa intaneti, jua kwamba umbali nao unahesabika. Kutoka hapa hadi Mumbai ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa njia ya ndege, na nyaya hazipiti njia ya ndege. Ishara inakwenda na kurudi, na kwenye mtandao wa simu wa jioni, wakati kila mtu anatazama video, inaweza kuyumba vibaya. Cheza alfajiri au usiku wa manane kama mega zako zinaruhusu, na mtafute kwanza mpinzani wa Lubumbashi, Ndola au Kampala. Mkiwa wawili kwenye ukumbi mmoja ni bora zaidi, ila mkubaliane mapema: aliyetolewa ametolewa, maneti inabadilisha mikono bila maneno. Mchezo ukisema mguu ulikuwa mbele ya vijiti, ulikuwa mbele ya vijiti.

Ukimaliza ova ishirini mara tatu hivi bila timu yako yote kutolewa, panda ngazi ya ugumu, na uzime ile alama ya mahali mpira utakapodunda. Wiki ya kwanza utalia. Macho yako yatakuwa yamekwisha jua pa kwenda, ila hayajui kwamba yanajua. Yape siku chache.

Na ova ya mwisho, mikimbio kumi na moja kwa mipira sita, usiinamishe kichwa ukabonyeza tu. Hesabu. Nne moja, mbili mbili, moja tatu: tayari una kumi na moja, hakuna sita hata moja ndani yake. Mzuie mrushaji asikusome, tazama mkono, tazama chini, ngoja mdundo. Mpira wa mwisho ukikukuta unahitaji mbili, angalia mwanya uliopo upande wa kushoto wa mrushaji au wa kulia, piga chini chini upite katikati ya wadakaji, na ukimbie. Mwite mpigaji mwenzako aliye upande wa pili wa pichi kwa sauti, “Njoo! Njoo tena!”, hata kama yumo ndani ya simu.